Umebadilisha injini, giaboksi ya auto ni ileile: zitaelewana vipi?

Injini ikifa hapa Mwanza mambo huwa yanaenda haraka sana. Gari inavutwa mpaka gereji, Nyakato au Mabatini huko, fundi anafungua sampo (karai la oili chini ya injini) anakuta beringi zimezunguka na kranki, ile shafti kuu ya injini, imelika, anakwambia kaka usihangaike na ovahoo (kuisuka upya) hapa, tafuta injini mtumba tu. Jioni hiyohiyo ushampigia mtu wa spea Dar, keshakutumia picha za injini imekaa juu ya mbao, na unachomuuliza ni kimoja, "itaingia kwenye gari yangu?" Anajibu itaingia bosi. Na kweli itaingia. Ila kama gari yako ni auto, kuingia ni sehemu ndogo ya kazi, kazi kubwa ni ile giaboksi iliyobaki chini ya gari kuielewa injini ngeni, na hapo ndo watu wanapoliwa hela mara mbili, unanunua injini mwezi huu alafu baada ya muda unatafuta giaboksi.

Kwa gari ya manyuali hii habari ni nyepesi. Wewe mwenyewe ndo unajua mlima umefika, unakanyaga klachi, unarudisha gia, giaboksi haina habari na injini ni ya nini, ilimradi boliti zimekubali na klachi inabana. Auto ni kitu kingine. Ndani yake kuna mafurushi ya klachi pleti, pleti nyembamba za chuma zimepishana na zenye msuguano, na kinachozibana sio springi kama kwenye klachi ya manyuali, ni presha ya oili. Ukikanyaga mafuta mpaka chini presha inatakiwa ipande ili pleti zibane kisawasawa, ukiwa unatembea taratibu barabara ya tambarare presha inashuka ili gia ziingie laini. Presha ikiwa ndogo wakati injini inavuta kwa nguvu, pleti zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Presha ikiwa kubwa muda wote, kila gia inapiga teke. Kwahiyo kabla hujaongea habari ya bei ya injini kuna swali la kujibu kwanza, nani atakuwa anaiambia giaboksi kwamba dereva amekanyaga mafuta kiasi gani? Karibu kila ugomvi wa injini mpya na giaboksi ya zamani unarudi hapo.

Tuanze na chuma kwanza maana ndo rahisi. Injini za Toyota, ambazo ndo zimejaa huku, zina familia, na herufi baada ya namba ya kwanza ndo jina la ukoo. 4A, 5A na 7A ni ndugu. 1NZ na 2NZ ni ndugu. 1JZ na 2JZ ndugu. Ndani ya ukoo mmoja matundu ya boliti nyuma ya bloku kwa kawaida yanalingana, kwahiyo mwenye IST ya 2NZ ya cc 1,298 akipata 1NZ ya cc 1,496 chuma kitakaa bila kulia. Lakini ukoo mwingine ni mwingine hata kama injini zinafanana kwa macho, mfano 1G na 1JZ zote ni silinda sita za mstari mmoja na zote utazikuta kwenye Mark II, usije ukadhani mdomo wa giaboksi ya moja utakaa kwenye nyingine kwa sababu tu gari ina jina lilelile. Na kuna pini mbili za mwongozo zinazokaa kati ya bloku na giaboksi, vipini vifupi tu vya chuma ambavyo mafundi wengi wakivikosa wanasema "boliti zinatosha". Hazitoshi. Boliti zinabana, pini ndo zinapanga katikati ya kranki na katikati ya giaboksi ziwe mstari mmoja. Bila pini giaboksi inakaa pembeni kidogo, kidogo ambacho jicho halioni, alafu baada ya muda sili ya mbele inaanza kuvuja, bushi ya pampu inalika, na bati nyembamba inayozunguka nyuma ya injini inapasuka. Unalaumu injini ya mtumba, kumbe ni kipini kilichobaki kwenye bloku ya zamani.

Sasa toki konveta. Ni lile dude zito la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi, ndani lina mapanga yanayotazamana, upande mmoja unazungushwa na injini unarusha oili kwa upande wa pili ambao unazungusha giaboksi, ndo maana gari ya auto inasimama ikiwa kwenye D bila kuzima. Sheria ya kushika hapa ni kwamba konveta ni mali ya giaboksi. Shingo yake ndo inayozungusha pampu ya oili na meno yake ya ndani yamechongwa kwa shafti za giaboksi ile. Ile bati nyembamba yenye meno ya stata, ambayo wengi tunaiita flaiwili hata kama ni ya auto, yenyewe ni mali ya kranki. Kwahiyo flaiwili inabidi iwe na matundu yanayokubaliana na kranki ya injini mpya na hapohapo matundu ya konveta ya giaboksi ya zamani, na hapa ndo unakuta fundi anaanza kutoboa au kuweka washa za boliti ili mambo yafike. Ukiona drili inatolewa kwa ajili ya flaiwili, simamisha kazi. Kitu kinachozunguka mara elfu sita kwa dakika hakitobolewi kwa kukadiria.

Na kuifunga konveta yenyewe kuna namna. Unaweka oili kidogo ndani, unaisukuma kwenye giaboksi huku unaizungusha taratibu, nayo inaingia kwa hatua, inadondoka kidogo, unazungusha tena inadondoka tena, ya mwisho ni pale shingo inapokamata meno ya pampu. Mafundi wenye haraka wanaishia hatua ya kabla ya mwisho, wanaona imekaa, wanasogeza giaboksi kwenye injini, kunabaki mwanya, basi wanachukua spana wanaanza kuivuta kwa boliti mpaka mwanya unaisha. Pale pale pampu imeshavunjika na gari haijawashwa bado. Giaboksi inatakiwa ikutane na bloku kwa mkono, boliti ni za kubana tu. Njia ya kuhakikisha ni rahisi na haihitaji mashine, mkishafunga mdomo wa giaboksi lakini konveta bado haijafungwa kwenye flaiwili, izungushe kwa kidole, izunguke bila shida, na uweze kuivuta mbele milimita mbili tatu hivi ndo ikutane na flaiwili. Ikiwa imebanwa haizunguki, vunjeni muanze upya, hata kama ni saa kumi na mbili jioni na kila mtu amechoka.

Haya, turudi kwenye lile swali la nani anapeleka taarifa.

Kwenye giaboksi za zamani kidogo, zile za Carina Ti, Corolla 110, Noah ya 3S, na Mark II nyingi, mwenye kupeleka taarifa ni kebo. Ukifungua boneti, pale kwenye trotoli bodi (mlango wa hewa ya injini) utaona kebo mbili, moja inatoka kwenye pedeli ya mafuta, nyingine inashuka chini inaingia kwenye giaboksi. Wengi wanaiita kebo ya kikdauni na wanadhani kazi yake ni kushusha gia tu ukikanyaga ghafla. Kazi yake kubwa ni presha. Ikivutwa, presha ya oili ndani inapanda. Sasa chukua mtu ana Carina Ti ya 5A, kaamua kuweka 7A ili apate nguvu, chuma kimekaa bila tabu kwa sababu ni ukoo mmoja, fundi kafunga kila kitu, ile kebo kaining'iniza mahali pake bila kuiseti kwa sababu trotoli bodi ya injini mpya ina puli ya ukubwa tofauti na kishikio chake kimekaa mbali kidogo. Gari inawaka, inatembea, mtu anafurahi, gia zinaingia mapema na laini ajabu, anasema aisee injini ya Japani hii. Ule ulaini ndo ugonjwa. Gia zinaingia mapema kwa sababu giaboksi inadhani umekanyaga kidogo, na presha iko chini. Apande nayo mlima wa Bugando au Isamilo ikiwa na watu watano, injini inavuma, gari haiongezi mwendo, na ukivuta dipstiki baada ya wiki kadhaa oili imekuwa kahawia iliyoiva inanuka kuungua.

Kuiseti yenyewe ni kazi ya dakika chache. Kwenye waya wa ndani wa kebo kuna kidonge cha chuma kilichobanwa na kiwanda. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa, wewe uangalie pale mpira wa kebo unapoishia, umbali kati ya mwisho wa mpira na kile kidonge unatakiwa uwe kati ya 0 na milimita 1. Umbali ukiwa mkubwa au kidonge kimezama ndani ya mpira, unalegeza nati mbili za kishikio unasogeza. Basi. Ila ukinunua kebo ambayo sio ya Toyota yenyewe mara nyingine kidonge kinakuja kikiwa hakijabanwa, na hapo ndo inabidi ujue unachofanya. Kuna wengine kebo ikiwasumbua wanaifunga na waya ikiwa imevutwa mpaka mwisho, wanasema bora iwe na presha kuliko isiwe nayo. Kama ni kuisogeza gari tu mpaka gereji nyingine sawa, ila kutembelea kila siku utakuwa unapigwa mateke mpaka mauntini (vishikilio vya injini na giaboksi) zikatike.

Giaboksi za kizazi kinachofuata, kama ile ya gia nne ya IST, kebo hiyo hazina. Presha inapangwa na solenoidi (vali za umeme), na solenoidi inaamriwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, na kontroli boksi inajua kwa kusoma sensa ya trotoli, spidi ya injini, spidi ya shafti ya kuingia kwenye giaboksi, spidi ya gari na joto la maji. Kwenye Toyota nyingi za hivi kontroli boksi ni moja, inaendesha injini na giaboksi kwa pamoja, na zinaongea pande zote mbili, wakati gia inataka kubadilika kompyuta inapunguza nguvu ya injini kwa nukta tu ili gia iingie laini. Kwahiyo ukichukua kontroli boksi iliyokuja na injini mpya, umebadilisha na ubongo wa giaboksi bila kujua.

Mfano ambao unawaumiza wengi ni 1NZ. Mtu anaagiza 1NZ anadhani 1NZ ni 1NZ. Lakini injini hiyohiyo imefungwa kwenye IST na Probox zenye giaboksi ya gia nne, na imefungwa pia kwenye Premio na Allion za kuanzia mwaka 2007 zenye giaboksi ya mkanda, CVT. Nyingine trotoli yake inavutwa na kebo ya pedeli, nyingine ni ya umeme haina kebo kabisa. Bloku ni ileile, boliti zilezile, ila waringi na kontroli boksi ya CVT haijui hata gia nne ni kitu gani, itatafuta vitu ambavyo kwenye giaboksi yako havipo, itawasha taa ya injini na kukuweka kwenye hali ya dharura. Kama injini yako ya zamani na mpya ni aina ileile, mfano zote 1NZ, njia salama ni kuivua injini mpya nguo zake zote, namaanisha manifoldi ya hewa, trotoli bodi, noseli, sensa zote na waringi, unaivisha nguo za injini yako iliyokufa, na kontroli boksi inabaki ileile iliyozaliwa na gari. Giaboksi haitajua hata kama kuna mgeni. Ni kazi ya ziada na fundi atataka kukwepa, ongeza hela ya chai ifanyike.

Wenye D4 ndo wana mtihani zaidi. Toyota walianza na hizi mwaka 1996 kwenye Corona Premio, injini ya 3S-FSE, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na kwa mafuta yetu na sevisi zetu wengi wameshakata tamaa nazo, wanataka 3S-FE ya kawaida iingie kwenye Nadia au Vista. Bloku ni ukoo mmoja. Lakini D4 trotoli yake ni ya umeme na kontroli boksi yake imepangwa kwa D4, 3S-FE nyingi ni ya kebo na ina kompyuta yake, na ile kompyuta ya 3S-FE inatarajia giaboksi ya namna yake. Pedeli ya gari yako huenda haina hata mahali pa kunasa kebo. Hapa mimi msimamo wangu ni mmoja, injini, giaboksi, konveta, waringi na kontroli boksi vitoke kwenye gari moja iliyokatwa, nusu gari kamili, ukilinganisha na bei ya kutafuta fundi umeme wa kuunganisha waya za dunia mbili miezi miwili utaona nusu gari ni rahisi. Na hakikisha kama kontroli boksi hiyo ilikuwa na ufunguo wa chipu, ufunguo huo na kisomaji chake vije pia, vinginevyo gari itazungusha stata mpaka betri iishe.

Kuna kitu kingine kidogo kinachochekesha ila kinasumbua kweli, thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Huku kwetu injini ikichemka mara moja tu fundi anaing'oa thamostati anaitupa, anasema nchi za joto haina kazi. Injini mtumba nyingi zinafungwa bila hiyo kitu. Sasa kompyuta ya giaboksi ina sheria, maji yakiwa baridi haitoi overdraivu (gia ya juu kabisa) na haifungi konveta, yaani haziunganishi pande zake mbili zizunguke pamoja, inasubiri injini ipate joto. Bila thamostati, asubuhi unatoka Igoma unaelekea Magu barabara nyeupe upepo unapiga rejeta, injini haifiki joto lake, gia ya nne inachelewa au haiji kabisa, injini inavuma, mafuta yanaisha, na mtu anaambiwa giaboksi imekufa. Rudisha thamostati kwanza kabla hujafungua giaboksi.

Nguvu nayo iangaliwe. Kutoka 2NZ kwenda 1NZ giaboksi isiyo na ugonjwa itabeba, kutoka injini ya kawaida kwenda ya tabo (inayosukumiwa hewa kwa nguvu) ni habari nyingine, pleti zile zilihesabiwa kwa nguvu fulani. Na konveta ya dizeli imetengenezwa ianze kubana injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, ukiiunganisha na petroli gari inakuwa nzito kuondoka mataa kama imefungwa breki.

Wakati yote yako chini, safisheni paipu za kupoza oili ya giaboksi na ile sehemu yake ndani ya rejeta, kama giaboksi iliwahi kuungua uchafu wake umelala humo. Kama rejeta imebadilishwa angalia kama ina hicho kipoza, za manyuali hazina. Oili weka iliyoandikwa kwenye dipstiki ya giaboksi, sio ya injini mpya, Dexron, T-IV na WS sio kitu kimoja, na ya CVT usiiguse kama giaboksi sio CVT. Kupima, injini inaunguruma, imepata joto, lever imepitishwa kila gia ikarudi P, ndo unavuta dipstiki.

Alafu ipo testi ya kuibana ambayo fundi mzoefu anaifanya kabla hujamlipa, ila isiwe kwenye mteremko na pasiwe na mtu mbele. Gari ya joto, hendibreki, vigingi kwenye matairi, breki ya mguu mpaka chini, D, mafuta mpaka mwisho, isome tako mita (ile ya mizunguko ya injini), uachie, isizidi sekunde 5 maana oili inachemka kweli ndani ya konveta. Mizunguko ikipita sana ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, pleti zinateleza au presha haitoshi, rudi kwenye kebo. Ikiwa chini sana, injini haina nguvu au konveta sio yake. Ila kumbuka ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kidogo, kwahiyo namba ikiwa chini kidogo ya kitabu hapa Mwanza isikutishe, fundi aliyezoea kupimia Dar anaweza akakwambia ununue injini nyingine bure. Ukimaliza usiende nayo Sengerema siku hiyohiyo, zunguka nayo mjini, panda mlima mmoja, rudi gereji mpime oili tena, maana konveta na paipu zikijaa kiwango lazima kishuke.

Na kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake, risiti ya injini mpya itunze uende TRA zikabadilishwe, trafiki akifungua boneti na kadi mkononi wewe ndo utakayejieleza, sio fundi.